Kipande Kitupu Nacho Kina Kazi

Mwezi huu barua za wadudu zimezipita za nyoka, jambo ambalo halijatokea tangu niishike safu hii. Nimechukua nne, zote za vipepeo. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu mwandishi wake ameuliza swali ambalo hata kwenye semina za uhifadhi hupitwa juu juu ili watu wawahi chai.

SWALI: Mwalimu, salaam. Shamba langu liko Wundanyi, vilima vya Taita, si mbali na msitu wa Ngangao. Tunaambiwa kuna vipepeo wasiopatikana popote duniani isipokuwa kwetu, na kwamba wako hatarini kutoweka. Mimi nawaona. Msimu ukiwa mzuri wapo. Sasa huyo mtaalamu anayesema watakwisha anajuaje, anapiga ramli? Na kuna kimsitu kidogo karibu nasi ambacho hakina hata mmoja wa hao vipepeo. Kuna ubaya gani tukikifyeka tukapanda mikaratusi? (Msomaji, Wundanyi)

JIBU: Ramli hapana, ndugu yangu, ingawa nakubali kwamba wako wanaosimama mbele ya baraza na chati zao, ukiwatazama vizuri huoni tofauti kubwa na mganga.

Tuanze na wanaozungumziwa. Vilima vyenu vina Cymothoe teita, na vina Papilio desmondi teita, yule mkubwa mweusi mwenye ukanda wa buluu. Hao ni watu wa msitu wa ukungu, na msitu wenyewe umebaki vipande: Mbololo, Ngangao wenye hekta kama 120, Chawia ambao haufiki hekta 100, kisha vile vidogo vya hekta chache chache kama Fururu, Macha, Mwachora na Yale. Katikati yake ni mahindi, mboga, mikaratusi, misonobari na nyumba za watu.

Anayetabiri kwa njia inayoeleweka hamtazami kipepeo peke yake. Anatazama vipande, vyote, vyenye vipepeo na visivyo na vipepeo, na kwa kila kimoja ana maswali mawili. Kama kina vipepeo, kuna uwezekano gani watakufa wote kabla ya mwaka ujao? Kama hakina, kuna uwezekano gani jike mwenye mayai atakifikia kutoka kipande kingine?

Wa rika langu mnakumbuka kuomba moto kwa jirani. Moto wa jikoni ukizimika usiku, alfajiri mtoto anatumwa na kigae nyumba ya pili kuleta kaa. Nyumba yenye gogo kubwa moto wake haufi upesi. Yenye vijiti unakufa kila mara. Jirani akiwa karibu, kaa linafika likiwaka. Akiwa ng'ambo ya bonde, mtoto anarudi na majivu. Kijiji kizima kiliweza kukaa na moto miaka na miaka, ingawa hapakuwa na jiko hata moja ambalo halijawahi kuzimika. Vipepeo wa vipande wanaishi hivyo.

Aliyeyaweka haya kwenye hesabu ni Mmarekani Richard Levins, mwaka 1969, na cha kuchekesha ni kwamba hakuwa akiwaza kumwokoa mdudu yeyote. Alikuwa akiwaza namna ya kuwadhibiti wadudu waharibifu waliotawanyika mashambani. Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya mkulima aliyechoshwa na wadudu ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa kuwalinda.

Ichukue hivi. Una vipande 100 vinavyolingana. Kila mwaka vingine vinazimika, vingine vinawashwa upya. Baada ya muda mambo yanatulia; tuseme 75 vina vipepeo, 25 ni vitupu. Sasa fyeka 50, popote pale bila kuchagua. Mtu yeyote atasema vipepeo watabaki nusu, yaani kwenye vipande 37 au 38. Kanuni ya Levins inasema 25. Sababu ni kwamba idadi ya vipande vitupu haipungui. Inabaki ile ile 25 hata ufyeke vingapi. Endelea kufyeka mpaka vibaki 30: vyenye vipepeo ni vitano. Vikibaki 25, hakuna kitu. Misitu 25 mizima imesimama, kivuli kipo, majani ya kulisha viwavi yapo, na kipepeo hayupo, kwa sababu makaa hayafiki tena kwa kasi inayoshinda majiko yanavyozimika.

Rudia aya hiyo ukitaka. Nimeifundisha miaka mingi na kila darasa lilikuwa na mmoja wa kunyoosha mkono akidhani nimekosea kutoa.

Levins alivichukua vipande vyote kuwa sawa, na hakuna mahali duniani palipo hivyo. Aliyeishusha kanuni ardhini ni Mfini, Ilkka Hanski wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyefariki mwaka 2016. Alikwenda visiwa vya Åland, kati ya Ufini na Uswidi, kwa kipepeo mmoja wa rangi ya machungwa yenye madoa meusi anayeitwa Melitaea cinxia. Ufini bara alikuwa ameshatoweka. Åland alibaki kwenye vijimalisho vikavu kama 4,000, vingi vidogo kuliko kiwanja cha mpira. Tangu 1993, kila kiangazi cha huko kikielekea mwisho, wanafunzi wanatumwa kuvikagua.

Hawamtafuti kipepeo, maana wakati huo hakuna anayeruka. Wanatafuta viota vya viwavi. Jike hutaga mayai mengi kwa pamoja, na watoto wa mama mmoja hawaachani. Kabla ya baridi wanafuma utando mweupe wa hariri chini kabisa kwenye majani, utakaouona ukipiga magoti na kuyapekua majani kwa mkono. Ndani mna viwavi weusi wenye vichwa vya wekundu wa matofali, wamebanana, wakingoja theluji ije na iondoke. Utando ukiwepo, jiko linawaka. Usipokuwepo, kipande kimeandikwa kitupu na mwanafunzi anahamia kingine. Kwa kawaida vyenye viota ni mia kadhaa tu kati ya vyote hivyo, na si vile vile kila mwaka.

Kwa daftari hizo, na kwa modeli aliyoichapisha mwaka 1994, Hanski aliweza kukipa kila kipande nafasi yake kutokana na mambo mawili: ukubwa wake, na ukaribu wake na vipande vyenye vipepeo, jirani wa karibu na jirani mkubwa wakihesabiwa zaidi. Siyo hesabu ya kutisha. Kijana wa kidato cha nne mwenye kompyuta anaiweza. Kigumu ni zile daftari.

Yapo pia mambo ya ndani ya kipande. Mwaka 1998 wenzake Hanski walionyesha habari ya vikundi 42 vya Åland vilivyopimwa vinasaba: saba vilitoweka ndani ya mwaka mmoja, na vilivyokuwa vimezaliana mno ndugu kwa ndugu ndivyo vilivyokuwa hatarini zaidi. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, na kwa kipepeo ni hivyo kwelikweli: majike wachache kutoka ng'ambo wanaleta mayai na wanaleta damu mpya kwa kikundi kilichokuwa kinadhoofika.

Utabiri wenyewe una mpaka wake, na mtaalamu asiyekuambia hivyo mkimbie. Kiangazi cha 2018 ukame uliipiga Åland yote kwa mara moja. Vipepeo walishuka mpaka sehemu moja ya kumi. Watafiti walipoirudia hesabu, vile vigezo vilivyokuwa vikieleza vizuri nani atatoweka na nani atabaki vilikuwa havielezi sana tena. Inaeleweka: majiko yote yakizimika usiku mmoja, ukaribu wa jirani unakusaidia nini?

Kwa hiyo hakuna wa kukwambia wataisha mwaka fulani mwezi fulani. Anachoweza kusema mtaalamu ni kwamba mpangilio huu wa vipande unaweza kumbeba kipepeo huyu kwa muda mrefu, au hauwezi. Na kwamba kati ya vipande hivi, hiki kikiondoka kitaondoka na vingine. Tena kuna jambo wanaloliita deni la kutoweka. Ukikata msitu leo, vipepeo hawafi leo. Wanaendelea kuonekana, kipande hiki kinazimika mwaka huu, kile baada ya miaka kadhaa, na hakuna kinachowashwa tena. Unaweza kuishi katikati ya deni hilo miaka mingi bila kulihisi. Ndiyo maana wewe unasema unawaona, mtaalamu anasema wanakwisha, na wote wawili mnasema kweli.

Taita ni pagumu kuliko Åland, nisikufiche. Vipande vyenu ni vichache, na hesabu za uwezekano zinapenda wingi. Mbololo uko peke yake ng'ambo ya bonde. Kipepeo wa kivulini hapendi kuvuka shamba la mahindi saa sita mchana. Kwa ndege wa hapo hapo kwenu kazi imefanywa: Mbelgiji Luc Lens na wenzake waliwavisha ndege pete za miguu kule Mbololo, Ngangao na Chawia, wakaonyesha mwaka 2002 kwamba wanaodumu kwenye vipande ni wale wanaoweza kuhama na wanaovumilia msitu uliochakaa. Walipima hata mfupa wa mguu wa kulia na wa kushoto wa ndege mmoja mmoja. Msitu ulivyozidi kuchakaa, miguu nayo ilizidi kutofautiana, na Chawia ndio uliokuwa umechakaa zaidi. Sijui kama kuna dalili ya taabu iliyo ndogo na ya wazi kuliko hiyo.

Sasa kimsitu chako. Kwanza, hakuna aliyekuthibitishia kuwa ni kitupu. Kutomwona kipepeo wa kileleni kwenye miti ya mita 20 si sawa na kutokuwepo kwake. Lazima kikaguliwe mara kadhaa, na mtu anayejua anatafuta nini. Pili, hata kikiwa kitupu leo, ni jiko lililozimika mwaka huu ambalo mwakani linaweza kuwashwa, kisha likatoa kaa kwa la tatu. Ukikifyeka hukuondoa nyumba moja tu, umerefusha safari ya kila mtoto mwenye kigae. Kwa hiyo jibu langu ni usikifyeke.

Lakini najua nguzo zina soko na mti wa asili haulipi karo. Huku kwetu Usambara Mashariki, ushoroba wa Derema ulipotengwa ili kuunganisha misitu, waliotoka ni wakulima wa iliki, kwa fidia, na ukikaa na wazee wa huko bado utazisikia habari za iliki zao. Anayetaka kipande kitupu kibaki ana wajibu wa kumwambia mwenye shamba atakula nini. Mikaratusi ipande, ila upande wa shamba uliochoka, mbali na chemchemi. Na chuo kile kile cha Hanski, cha Helsinki, kina kituo cha utafiti hapo hapo Wundanyi. Piga hodi uulize nini kimehesabiwa kwenye kimsitu chako. Wewe uko karibu nao kuliko mimi.

SWALI: Bi Mwalimu, sisi huku Gede wazazi wetu walianza kufuga vipepeo miaka ya tisini, na hadi leo tunauza pupa kwa Mradi wa Kipepeo. Kufuga tunajua. Kwa nini wahifadhi wasitupe hao adimu, tukawazalisha kwa wingi, tukawaachia kwenye misitu iliyokwisha vipepeo? Si tungelimaliza tatizo? (Mfugaji, Gede)

JIBU: Ujuzi wenu siudharau hata kidogo. Tangu 1993 mnawatoa viwavi wa Arabuko-Sokoke wakiwa wanono, pupa zinafika ng'ambo hai, na msitu umepata majirani wenye sababu ya kutaka usimame. Wenzenu wa Amani, huku kwetu Usambara Mashariki, walikuwa na biashara kama yenu mpaka Tanzania ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, na hapo ndipo mtu anapojua thamani ya kitu alichokizoea.

Ila kumwachia kipepeo ni kazi ya mwisho. Ya kwanza ni kujua kwa nini msitu ulibaki bila yeye.

Uingereza walikuwa na kipepeo mkubwa wa buluu, Phengaris arion. Alipungua, wakadhani wakusanyaji wanamwiba. Kuna mahali pakazungushiwa uzio. Uzio ukawazuia wakusanyaji na ukazuia na mifugo. Mwaka 1979 akatoweka kabisa nchini. Kiwavi wa kipepeo huyu, kumbe, siku zake za mwanzo anakula maua, kisha anajiangusha chini na kungoja sisimizi wekundu wamwokote. Anawahadaa wamdhanie ni mtoto wao. Wanambeba hadi shimoni, na huko anakaa miezi mingi akila watoto wao halisi. Siyo sisimizi yeyote, ni aina moja hasa, Myrmica sabuleti, anayetaka udongo uliopata jua. Ng'ombe wakiondolewa, sungura nao waliposhambuliwa na ugonjwa miaka ya 1950, majani yakarefuka, udongo ukapoa, sisimizi yule akaondoka na sisimizi wa jamaa yake akaingia mahali pake. Kwa macho ya mpita njia malisho yalikuwa pale pale, ya kijani na mazuri kuliko zamani. Mwanabiolojia Jeremy Thomas ndiye aliyeligundua hili la sisimizi, akilala kifudifudi kwenye majani zaidi ya alivyokaa ofisini, nadhani. Waliporudisha malisho mafupi, ndipo walipoleta viwavi kutoka Uswidi, kuanzia 1983, na wakashika.

Wangewaachia vipepeo 10,000 mwaka 1979 kabla ya kurudisha ng'ombe, wangewalisha ndege tu.

La pili ni mnalolijua nyie wafugaji kuliko profesa yeyote: kiwavi hasafiri peke yake. Mwaka 1991 Hanski, yule niliyemtaja juu, alipeleka viwavi kwenye kisiwa cha Sottunga, sehemu ya mashariki ya Åland, kipande kilichokuwa hakina kipepeo huyo. Viwavi walishika. Lakini baadhi yao walikuwa na nyigu mdogo ndani, Hyposoter horticola, ambaye hutaga yai lake ndani ya yai la kipepeo kabla halijaanguliwa. Ndani ya watoto wa nyigu huyo mkawa na nyigu mwingine mdogo zaidi, anayemla yule wa kwanza. Na ndani ya baadhi ya nyigu mkawa na bakteria, Wolbachia, anayerithishwa kutoka mama hadi mtoto. Walidhani wamepeleka kiumbe mmoja, kumbe wamepeleka wanne, na miaka karibu 30 baadaye wote wanne walikuwa bado kisiwani, pamoja na kwamba kipepeo mwenyewe alikaribia kwisha zaidi ya mara moja.

Wewe umeshaona pupa inayopasuka ukangoja kipepeo, akatoka nyigu. Sasa iwaze hiyo kwenye msitu ambao haujawahi kuwa na nyigu huyo, wenye viwavi wa aina nyingine ambao hawana habari.

Sisemi isifanyike. Nasema ifanyike baada ya kujibu maswali matatu: miti ya kulisha viwavi ipo na inatosha? Kilichowaua wa kwanza kimeondoka? Na wazazi wametoka kipande gani, maana kipepeo wa milimani na kipepeo wa mwambao, hata wakifanana mabawa, si lazima wavumilie jua moja. Yote matatu yakijibiwa vizuri, nitawapendekeza nyie mbele ya maabara yoyote.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma Morogoro, mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni kuhesabu vipepeo kwenye vipande viwili vya msitu. Msimamizi amesema nitumie njia ya kuwatia alama na kuwakamata tena. Naogopa kuwaua, na sielewi namba inatokaje. (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Namba kwanza. Umekamata 40, ukawatia alama, ukawaachia. Ukarudi baada ya siku mbili tatu ukakamata 30, kati yao 10 wana alama yako. Theluthi moja ya waliokamatwa ni wako, kwa hiyo wale 40 ni kama theluthi ya wote: 40 mara 30, gawa kwa 10, unapata 120. Ndiyo yote. Lakini inakubali tu kama wenye alama wamechanganyika na wenzao, alama haifutiki wala haimwiti ndege, na hapajatoka wala kuingia wengi katikati ya siku hizo. Ukingoja wiki tatu, nusu wameshakufa kwa uzee na hesabu yako ni hadithi.

Kuhusu kuwaua: mkamate akiwa ndani ya wavu, mabawa yote manne yakiwa yamefungwa juu ya mgongo, kwa kidole gumba na cha shahada, karibu na kiwiliwili na siyo kwenye ncha. Unga utakaobaki vidoleni ni magamba yake. Yakitoka kidogo hafi, ila ukisugua unamharibu. Nukta moja ya maka peni upande wa chini wa bawa la nyuma, mahali pengine kwa kila siku ya kazi. Usimrushe hewani kama njiwa wa sherehe. Mweke kwenye jani kivulini, aondoke mwenyewe. Na jua kali la mchana pumzika, wewe na wao.

Ndizi zilizochacha ndani ya mtego wa chandarua zitakuletea akina Charaxes na Cymothoe wakiwa wamelewa kidogo. Papilio hawazijali, hao uwatafute kwenye maua na kwenye matope ya njiani. Hivyo usiandike kwenye ripoti kwamba Papilio ni haba kwa sababu mtego wako ulikuwa mtupu. Nimesoma ripoti za namna hiyo zenye jalada zuri sana.

Na hili lipige mstari: ukimkuta kwenye kipande cha pili kipepeo uliyemtia alama kwenye kipande cha kwanza, mwandike kwa ukurasa wake mwenyewe, umbali, tarehe, dume au jike. Hapo umeshika kaa likiwa safarini, na hiyo ndiyo namba ambayo msomaji wetu wa Wundanyi na wataalamu wake wanaihitaji kuliko ile 120.

SWALI: Mwalimu, mlimau wangu wa kwenye pipa umevamiwa na wadudu kama kinyesi cha ndege. Nikiwagusa wanatoa pembe mbili za rangi ya machungwa na harufu mbaya. Ni sumu? Nipulize dawa? (Mama wa Kigamboni)

JIBU: Si sumu, mama, wala si pembe. Ni viwavi wa Papilio demodocus, kipepeo wa michungwa, mkubwa, mweusi mwenye madoa ya manjano. Yuko karibu kila mahali Afrika chini ya Sahara kwa sababu kila mahali kuna mtu aliyepanda mlimau, hivyo kwake yeye vipande havijapungua bali vimeongezeka. Wakiwa wadogo wanajifanya kinyesi ili ndege wasiwale. Wakikua wanageuka kijani. Zile pembe ni kiungo laini kinachokaa ndani nyuma ya kichwa na kutokeza anapotishwa, na harufu ni ya kumfukuza anayetaka kumla. Nawe ulirudi nyuma, sivyo?

Dawa usipulize, malimau unakula. Mti mkubwa hauna neno nao. Wa kwenye pipa watakuachia vijiti vitupu kwa wiki, kwa hiyo waokote kwa mkono, na ukitaka wema wahamishie mlimau mkubwa wa jirani. Kwa ruhusa ya jirani.